Michezo ya Watoto Katika Siku za Idi

Ramadhani ikikaribia kwisha, kila nyumba ya Kiislamu hujaa shughuli. Nguo za watoto hufikiriwa, viatu vyao hufikiriwa, hata bizari ya pilau hufikiriwa siku kumi kabla. Lakini watoto hao watafanya nini saa kumi ya alasiri, wakiisha kula na wakiisha kuzunguka majumbani kupokea mkono wa Idi? Hilo ni nadra kufikiriwa.

Hapa kwetu Unguja sikukuu husherehekewa siku nne, na mtoto asiyetengenezewa mchezo nyumbani hujitafutia mwenyewe. Wa mjini hukimbilia Mnazi Mmoja na kiwanja cha Kariakoo. Wenzao wa Pemba hukimbilia Tibirinzi. Sisi hatuvilaumu viwanja hivyo. Bembea ni bembea, na watoto wazipenda. Tunalolichelea ni mtoto wa miaka saba aliyefumbata fedha yake katikati ya msongamano, hana mkubwa wa kumshika mkono, na mbele yake pana mtu amepanga meza amwambia atupe dado apate mara mbili. Hivyo ndivyo mtoto aanzavyo kamari: hakuitafuta, ila hakuwa na jambo jingine la kufanya. Na yule asiyetoka nyumbani hujikunja pembeni na simu ya mamake mpaka Magharibi, Idi yote isimpitie.

Wapo wazee wenzetu waonao kuwa mchezo ni upuuzi, na kwamba mwalimu wa chuo afaa kusema juu ya alif na be tu. Tuwakumbushe Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia. Katika kitabu chake cha Ihyaa ameeleza kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema apumzike, kwani kumzuilia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa ngao na mikuki msikitini, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) awatazame mpaka yeye mwenyewe akachoka. Basi ni nani atakayekuwa mkali kuliko hapo?

Sisi twashauri hivi. Nyumba tatu nne za jirani zishirikiane, zichague ua mmoja mpana, na watoto kumi na watano au ishirini wakusanywe baada ya Alasiri. Waambiwe waje na nguo zao za kuchezea, si nguo za Idi. Sharti hili si kwa ajili ya vumbi peke yake. Katika mtaa wowote yupo yatima, au mtoto ambaye mwaka huu mamake hakujaaliwa kumshonea, na huyo akiona wenzake wamejipamba hatakuja, au atakuja asimame mlangoni.

Tena ichaguliwe michezo isiyomtoa mtoto nje. Michezo mingi ya karamu, hasa tuliyoletewa na shule, huenda kwa kutoana: aliyekosa aketi, aliyeshindwa aketi, mpaka abaki mmoja. Tazameni ni nani aketishwaye kwanza. Ni mdogo kuliko wote, au mzito wa mbio, au mgeni asiyejua mchezo. Yaani yule yule aliyekuwa na haja zaidi ya kuchezeshwa. Wakubwa wawili wahangaikia ushindi, na kumi na wanane wamekaa ukutani wakitafuta ugomvi.

Chukueni mchezo wa viti. Badala ya kupunguza watoto, punguzeni mahali. Tandikeni jamvi kubwa. Mmoja apige debe, watoto wazunguke, debe likinyamaza wote waruke juu ya jamvi. Kisha likunjwe nusu, kisha robo. Sharti wote waenee, asibaki mtu na mguu chini, na akibaki mmoja wameshindwa wote. Mtaona wakubwa wawabeba wadogo mgongoni. Na liwe debe, tafadhalini. Tumepata kuona watu wakiweka kisomo cha Qur'ani na kukikata ghafula ili watoto wakimbilie viti. Nia yao ilikuwa njema, lakini maneno ya Mwenyezi Mungu si filimbi ya mchezo.

Mchezo wa nyama nyama kila mtoto aujua: mmoja hutaja mnyama, wenziwe huitika "nyama!" ikiwa yuaaliwa, na hunyamaza ikiwa haliwi. Aliyekosea asitolewe, ila yeye ndiye atakayetaja. Chuoni kwetu mtoto mmoja alitaja mamba. Nusu yao wakaitika, kwa hoja kwamba mamba yu majini na vya majini vyote huliwa. Mchezo ukasimama, tukapata nafasi ya kuwaeleza kwamba kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi mamba haliwi, kwa kuwa huwinda kwa meno yake. Somo hilo hawakulisahau, wala hatukuligharimia hata chaki moja.

Wasichana wana nage yao, wengine huiita rede: wawili huurusha mpira wa matambara kutoka pande mbili, na aliye kati huukwepa huku akijaza mchanga katika chupa. Chupa iwe ya plastiki. Katika kuvuta kamba changanyeni wakubwa na wadogo kila upande, wala mtoto asijizungushie kamba mkononi au kiunoni, kwani ikivutwa kwa ghafula humkata. Ama kibe, kabla ya kuhesabu mkubwa mmoja aukague ua: kisima kifunikwe, gari lifungwe kwa ufunguo, na friji bovu lililowekwa nyuma ya nyumba ling'olewe mlango. Mtoto aliyejifungia humo hasikiki akilia, na pumzi yake haidumu.

Zawadi zitoke kwa wenye nyumba, nazo ziwe kitu kidogo cha kugawanywa kwa wote: tende, visheti, kashata. Watoto wasichangishwe shilingi moja moja ili mshindi azoe zote. Hiyo ndiyo kamari, hata ikichezwa kwa ndimu na kijiko, na hukumu yake imo katika Suratul Maida, aya ya 90. Dado nalo lisiingie uani. Makatazo yake ni makali katika Sahihi ya Muslim.

Wakichoka waketini pamoja na bibi mmoja wa nyumba atege vitendawili. Wakishindwa wampe mji. Na akiutaka Makka wasimpe upesi, wambembeleze apokee Cairo au Mombasa, maana hapo ndipo kicheko kilipo.

Jua likikaribia kutua, mchezo ukome. Bwana Mtume (S.A.W.) ametuagiza kuwazuia watoto ndani giza liingiapo. Wanawe miguu, watie udhu, na kila mmoja arejeshwe kwao na mkubwa amjuaye, wakihesabiwa mlangoni kama walivyohesabiwa walipoingia.