Ua kwanza, kidimbwi baadaye

Joto la Lodwar humfanya mtu atamani maji mchana kutwa. Haishangazi basi kwamba mwenye ploti na uwezo huwazia kuchimba kidimbwi cha kuogelea uani. Lakini kabla hujamwita fundi, msomaji, keti na familia yako mpige hesabu.

Kwanza ni maji yenyewe. Kidimbwi cha mita 8 kwa 4, chenye kina cha mita 1.5, humeza lita 48,000. Jua nalo hudai fungu lake: Ziwa Turkana hupoteza zaidi ya mita 2 za kina kila mwaka kwa mvuke. Kwa kipimo hicho, utajaza kidimbwi chako upya kila mwaka, ilhali jirani zako Kakuma na Nakalale wanafukua mchanga wa laga wapate maji ya kunywa.

Pili ni usafi. Utahitaji pampu, chujio na klorini ya miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita, ipimwe kila siku. Anayeharisha asiingie. Ukichoka na kukiacha kidimbwi, mbu watakirithi: katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi.

Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, ni mtoto. Wazazi wengi hudhani anayezama hupiga mayowe. La! Mtoto huzama kimya, kwa dakika chache tu, mama akiwa jikoni.

Kwa hivyo, zungushia kidimbwi ua wa angalau mita 1.2 pande zote nne, ukikitenga hata na nyumba. Ukuta wa ploti hautoshi, kwa kuwa mtoto hutokea mlangoni mwako. Lango lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu asikolifikia. Hata hivyo, ua si yaya: lazima mtu mzima awe macho wakati wote watoto wanapoogelea.

Ajali ikitokea, usimning'inize mtoto kichwa chini kumwaga maji. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni mara moja, kisha mbonyeze kifua, huku mwingine akitafuta gari la hospitali.

Ikiwa fedha zako zatosha kidimbwi lakini hazitoshi ua, ngoja kwanza. Ndoo ya maji na kivuli cha mkwaju vitakupoza vilevile.