Shali ya matundu ukiwa Sudi: ufume, ununue au umpe fundi?

Kama shida yako ni upepo tu, acha kufuma. Kusi ikivuma, jioni za Juni na Julai pale Sudi, pwani ya Lindi, zinataka kitu mabegani, lakini doti ya kanga inaifanya kazi hiyo vizuri, na ukiikata unabaki na vipande viwili. Shali ya matundu ni ya jambo jingine: kuvaa juu ya dera siku ya harusi, kumpelekea mzazi aliyejifungua, kumtunza mama mkwe. Ni pambo, na pambo hununuliwa kwa akili, hasa miezi hii ambayo korosho bado ziko mtini na fedha za mnada hazijaingia.

Njia ziko nne: kununua mtandio wa kiwandani, kuokota shali ya mtumba, kumpa fundi kazi, au kufuma mwenyewe. Ya nne inasifiwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Rahisi kufuma, ndiyo. Rahisi mfukoni, inategemea umenunuaje uzi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana gharama zote zinatoka hapo. Shali ya pembetatu iliyo nyepesi kuliko zote huanzia kwenye ncha ya chini kwa vitanzi vitatu. Kila ukianza safu mpya, zungusha uzi mara moja kwenye sindano, kisha fuma hadi mwisho. Basi. Kila safu inaongeza kitanzi kimoja, na pembeni kunajitokeza matundu madogo yenyewe. Ukitaka matundu katikati, kila baada ya safu saba piga safu moja ya kufuma vitanzi viwili pamoja na kuzungusha uzi, viwili pamoja na kuzungusha, hadi mwisho. Ukifikisha vitanzi 180 umefuma safu 177, na kwa sindano nene kidogo unapata shali ya upana wa kama mita moja na nusu.

Jumla ya vitanzi hivyo vyote ni kama 16,300. Anayejifunza akifuma vitanzi kumi kwa dakika, hizo ni saa 27. Ukikaa barazani saa mbili kila jioni, hesabu wiki mbili, umeme usipokatika na mtoto asipoumwa. Kwa hiyo kama harusi ni Jumamosi ijayo, usidanganyike. Nunua mtandio ulio tayari.

Sasa uzi, ambako ndiko fedha zinakopotelea. Dukani utaonyeshwa mabonge mawili yenye uzito mmoja, gramu 100 kila moja. Muuzaji atakuambia, "Mama, chukua hili, kubwa, linakutosha." Wewe usiangalie ukubwa. Geuza karatasi iliyozungushiwa bonge, utafute namba yenye herufi m pembeni ya ile ya gramu, na umuulize, "Mwanangu, hili lina mita ngapi?" Uzi mnene wa gramu 100 huwa na mita kama 200. Uzi mwembamba wa uzito huohuo unaweza kufika mita 400. Shali unaifuma kwa mita, si kwa gramu.

Tuchukulie, kwa mfano tu, bonge nene ni shilingi 4,000 na jembamba ni 6,500. Kwa uzi mwembamba shali yetu inakula mita zinazokaribia 400, yaani bonge moja, 6,500. Kwa uzi mnene na sindano nene zaidi, vitanzi vinapungua na mita 300 zinatosha, lakini hakuna anayekuuzia nusu bonge. Unanunua mawili, 8,000, nusu ya la pili inalala kabatini, na shali inakuwa nzito mabegani. Bonge la bei ndogo limekuwa ghali. Weka bei za duka lako kwenye hesabu hiyohiyo. Majibu yanaweza kugeuka, ila usinunue kabla ya kuipiga.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Pembetatu inapanuka kadiri inavyokua, kwa hiyo ukifika nusu ya safu umetumia robo tu ya uzi. Unajiona tajiri. Nusu ya uzi inaisha ukiwa umeshapita theluthi mbili ya safu, na safu za mwisho, ndefu kuliko zote, zinaufyonza uliobaki. Ndiyo maana wengi hukwama wakiwa wamebakiza kiganja kimoja cha upana.

Kukwama Kariakoo ni jambo dogo. Kukwama Sudi ni safari. Bodaboda hadi barabara kuu ya Lindi na Mtwara, gari hadi mjini, kisha kurudi. Nauli hiyo inaweza kuipita bei ya bonge unalolifuata. Na ukifika, rangi "ileile" si ileile. Nyuzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake kwenye karatasi ya bonge. Bluu ya fungu moja na bluu ya fungu jingine zinaweza kufanana mkononi ndani ya duka, halafu zikatengana juani, na mstari ukaonekana katikati ya shali. Nunua uzi wote siku moja na uhakikishe namba za fungu zinafanana.

Hapo ndipo pembetatu hii inapomfaa asiye na kitu. Kwa kuwa inaanzia kwenye ncha, unaweza kuifunga popote. Uzi ukikaribia kwisha ukiwa na vitanzi 160, funga. Umepata shali ndogo kidogo, lakini imekamilika. Shali inayoanzia upande mrefu haina huruma hiyo. Ukiona kielelezo kinachokutaka uanze na vitanzi mia na themanini kwa mkupuo, kipite.

Aina za uzi. Akriliki ndiyo inayopatikana kirahisi, ile wengi wanayoiita uzi wa sweta. Bei yake inavumilika, rangi ni tele, haiogopi nondo wala sabuni ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba matundu hayafunguki kwa maji matupu. Unailoweka, unaitandaza, unaivuta, inakauka na kurudi ilivyokuwa. Inataka mvuke: itandaze juu ya mkeka, ifunike kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, pitisha pasi ya mkaa kwa juu bila kuibana. Pasi ikigusa uzi wenyewe, umekwisha, akriliki huyeyuka. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Pamba ni baridi mwilini na kwa joto letu ndiyo ningeichagua, lakini ina uzito, na shali ya pamba ikining'inizwa kwenye kamba ikiwa mbichi hurefuka na haijirudi. Ianike ikiwa imelazwa. Usiichanganye na uzi ule mwembamba sana wa kufumia vitambaa vya makochi. Ule ni wa kroshia, na kwa shali utakulia miezi.

Sufu halisi ndiyo inayotengeneza shali maarufu za Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, kwa sababu sufu ikiloweshwa na kuvutwa hukaa ilivyovutwa. Huko kuna baridi. Pwani ya Lindi unalipia joto usilolihitaji, kisha unalipia vidonge vya kufukuzia nondo. Pita.

Nyuzi zinazouzwa kwa kupimwa, bila karatasi, huwa na bei nzuri na majina ya uongo. Omba kipande cha urefu wa kidole, kipeleke nje ya duka, kiwashe kwa kiberiti. Kikiyeyuka na kuacha kijipira kigumu cheusi, ni akriliki au ndugu zake, hata kama umeambiwa pamba. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Ukishamaliza na moto, lowesha kipande kingine na ukikamue kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, siku ya mvua kitaiacha kwenye dera lako.

Uzi wa bei ndogo kuliko wote hauko duka la nyuzi. Uko kwenye mtumba. Sweta kubwa la mtu mzima, kwa kuwa huku joto linawafanya wateja waliruke, linaweza kutoa uzi wa shali na kubaki. Ila ligeuze ndani nje kabla hujalipa. Ukiona mshono wa pembeni umepigwa ovaloki, yaani ukingo umekatwa na kuzungushiwa uzi mwembamba wa cherehani, liache, maana kila safu imekatwa na utafumua vipande vya urefu wa mkono. Unalolitaka ni lile ambalo kingo zake zimekamilika na vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja unaochomoka. Fumua kuanzia juu, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali pachache, uuloweshe na uutundike na kitu kizito kidogo hadi mikunjo iishe. Hesabu jioni moja nzima ya kazi hiyo. Mwenye muda na asiye na fedha, hii ndiyo njia yake.

Sindano. Wapo wanaochonga sindano za kufumia kutoka spoki za baiskeli, na kwa soksi si vibaya. Kwa shali, hapana. Spoki ni nene kama milimita mbili tu, na wewe unataka tano, maana matundu yanatokana na sindano nene na uzi mwembamba. Kwa spoki utapata kitambaa kigumu kilichokula uzi mara mbili. Bora mwanzi. Chonga vijiti viwili vya sentimita 35, vipime kwa rula, visugue kwa msasa hadi visikwaruze shavu, kisha uvipake mafuta ya nazi kidogo na kuvifuta. Bei yake ni msasa.

Sindano za chuma za dukani zinadumu, na mkono ukitoka jasho ni laini kuliko plastiki, ambayo hujipinda uzito ukiongezeka. Zilizo bora kwa shali ni zile mbili zilizounganishwa kwa mrija laini, kwani vitanzi 180 vinajibana kwenye sindano fupi na vinaruka. Lakini si kila duka linazo. Usifunge safari kwa ajili yake. Sindano ndefu zilizonyooka zitafika, polepole.

Je, kroshia? Kama mikono yako imeshazoea vitambaa vya makochi, kroshia moja ni nafuu kuliko jozi ya sindano, na kitanzi kikianguka hakiporomoki hadi chini. Malipo yake ni uzi: kroshia hula zaidi. Ongeza bonge kwenye hesabu.

Kuagiza Dar es Salaam kunavutia, kwa kuwa bei za Kariakoo zinaweza kuwa chini. Jumlisha yote kwanza: ada ya kutuma fedha kwa simu, na muuzaji akikutaka uongeze "ya kutolea", hiyo pia, kufungasha, malipo ya mzigo kwenye basi kwa umbali wa kama kilomita 450, na nauli yako ya kuufuata stendi Lindi. Kwa bonge moja haina maana. Kwa akina mama watano wanaoagiza pamoja, inalipa. Msimu wa masika usilipe mapema kwa kitu cha haraka. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Somanga, na mizigo ikasubiri pamoja na abiria. Rangi ya kwenye picha ya simu nayo usiiamini. Omba namba ya rangi.

Fundi ni chaguo zuri kwa mwenye fedha kidogo na asiye na muda. Ila rudi kwenye zile saa 27. Fundi mzoefu atazipunguza hadi nusu au chini, lakini bado ni siku mbili za mtu. Akikutajia bei inayokaribia ya uzi mtupu, jiulize anafidia wapi: pengine kwenye uzi. Peleka uzi wako, upimwe kwenye mizani ya duka mbele yenu, na siku ya kuchukua shali pimeni tena pamoja na mabaki. Hakuna ugomvi, ni hesabu. Kubaliana pia kama bei inajumuisha kuinyoosha, maana shali isiyonyooshwa ni tambara lililokunjamana, na kianzio kisizidi nusu.

Mtandio wa kiwandani unashinda kwa haraka na bei, unashindwa kwa uhai: ukinaswa na msumari mara moja, mpasuko unakimbia. Shali ya mtumba, ukiipata bila tundu lisilo lake, ni bora kuliko zote kwa fedha, lakini huwezi kuipangia tarehe. Inyooshe juu, uitazame ukiwa umeelekea jua.

Ukiamua kufuma, kabla ya kutoka dukani mwombe muuzaji neno moja zaidi: kama bonge la akiba atalipokea likibaki. Wengine hukubali kubadilishana, si kurudisha fedha. Basi usilivue karatasi yake, usichomoe ncha ya uzi, na liweke mbali na moshi wa jikoni.