Uchu Uliozaa Mzinga

Huenda mvumbuzi wa kwanza katika misitu ya miombo ya Tabora hakuwa msomi, bali mlafi. Aliiona asali mtini, mate yakamdondoka, akili ikafunguka. Uchu ulimfundisha binadamu kufukiza moshi, ambao huficha harufu ya tahadhari wanayopeana nyuki. Uchu huohuo ukawafanya Wanyamwezi wakunje magome kuwa mizinga, wakaitundika juu na kungoja nyuki wahamie wenyewe. Mwizi akageuka mwenye nyumba!

Uchu ule tungali nao, ila mti hatupandi tena. Babu alilipia kila lamba kwa jasho na kuumwa. Sisi twanunua chupa kando ya barabara. Kisha mgonjwa wa kisukari hutuambia kwa fahari: “Daktari, sukari nimeacha, natumia asali tu.” Ndugu msomaji, takriban asilimia 80 ya asali ni sukari. Nyuki hajasomea kisukari.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 12, mzaha unakoma. Asali yaweza kubeba viiniyoga vya bakteria *Clostridium botulinum*, ambavyo huota katika utumbo mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Asirambishwe hata tone. Mtoto akikosa choo, akilia kwa sauti dhaifu, akilegea au akishindwa kunyonya, awahishwe hospitali.

Uchu ulitupandisha mtini. Busara na itushushe salama.