Je, Wajua? Aldi, toroli hufunguliwa kwa sarafu

Ukifika duka la vyakula la Aldi nchini Marekani, utakuta matoroli yamefungwa kwa minyororo. Unatumbukiza sarafu ya senti 25, toroli linafunguka. Ukilirudisha, sarafu yako unaipata. Kwa mpango huo mdogo, duka halihitaji kumlipa mtu wa kukusanya matoroli kwenye maegesho.

Ubahili huu una historia. Mwaka 1913, Anna Albrecht alifungua duka dogo la vyakula mjini Essen, Ujerumani. Wanawe, Karl na Theo, walilichukua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakaweka bidhaa chache na bei za chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waligawana biashara baada ya kutofautiana kuhusu kuuza sigara, na hadi leo kuna Aldi mbili, ya Kaskazini na ya Kusini.

Ndani, bidhaa nyingi hubaki kwenye maboksi zilimosafirishwa, kwa hiyo rafu hujazwa haraka. Nyingi ni za chapa ya duka lenyewe. Pakiti huchapwa msimbo wa mistari mikubwa, mara nyingi pande kadhaa, ili keshia asipoteze muda akizigeuza. Naye hufanya kazi ameketi, haki ambayo makeshia wengi wa Marekani hawana, na ingefaa maduka mengine yaige. Mifuko ni ya kuja nayo au kununua. Ukishalipa, unafungasha mwenyewe kwenye kaunta ya pembeni, foleni ikiendelea kusonga.