Sidiria ya Mazoezi: Namna ya Kuichagua Sokoni

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unagusa jambo ambalo wengi huliongea kwa kunong'ona. Ni sidiria ya mazoezi, ile ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tumezoea kuiita sutiye ya spoti. Akina baba, msifunge ukurasa. Nyinyi ndio mara nyingi mnashika pesa ya nyumba, na msipoelewa, binti zenu watanyamaza tu.

Tumeandika kwa sababu hii: jioni kiwanjani wasichana wa miaka 9, 10 na 11 ni wengi, wanacheza kabumbu na kuruka kamba pamoja na kaka zao. Tafuta sasa wale wa miaka 14 au 15. Wamebaki wachache. Mmoja atasema kichwa kinamuuma, mwingine atasema ana kazi nyumbani. Kazi za nyumbani ziko, hatukatai. Lakini ukimwita kando ukamuuliza polepole, mara nyingi atakuambia: kifua kinaniuma nikikimbia, na wavulana wananicheka.

Wala si kwetu tu. Huko Uingereza waliulizwa wasichana wa shule zaidi ya 2,000, na majibu yao yakachapishwa mwaka 2016. Karibu nusu yao walisema matiti yao yanaathiri kwa namna fulani kushiriki kwao katika michezo ya shule. Na kule maduka yamejaa, mtu anachagua hata rangi. Sembuse hapa, ambapo mama anapima kwanza kama pesa inatosha sabuni na mafuta ya kula.

Titi halina msuli

Tuanze na mwili wenyewe, maana maneno ya uongo ni mengi. Titi limejengwa kwa mafuta na tezi za maziwa. Msuli uko nyuma yake, kwenye mbavu, si ndani yake. Kinacholishikilia ni ngozi pamoja na nyuzi nyembamba zinazoitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari Mwingereza aliyezieleza katika karne ya 19. Basi. Ndiyo maana hakuna zoezi la kulifanya titi lisitikisike.

Mtu akikimbia, titi haliendi juu na chini peke yake. Linaenda pia kulia na kushoto, na mbele na nyuma, yaani linachora kama namba 8. Ngozi inavutwa kila hatua, na hapo maumivu yanatoka. Wenye matiti madogo nao husikia maumivu, kwa hiyo msimwambie mtoto eti "wewe huna kitu cha kubeba". Asiye na kitu cha kumshikilia anaanza kukimbia huku amekunja mikono kifuani, anapunguza hatua, anaogopa kuruka mpira wa kichwa. Kocha anaona uvivu. Sisi tunaona mtu anayejilinda.

Sidiria ya michezo yenyewe si kitu cha zamani. Ilianza mwaka 1977 katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, Marekani. Lisa Lindahl, aliyependa kukimbia, alichoka na maumivu. Akishirikiana na Polly Smith, fundi wa kushona mavazi ya maigizo, na Hinda Miller, wakachukua zile nguo mbili wanaume wanazovaa michezoni kuhifadhi sehemu zao, wakaziunganisha kwa kushona. Mnaweza kucheka, hata sisi tulicheka. Lakini ndivyo ilivyozaliwa.

Na kwa mzazi anayesema michezo haimpeleki binti popote, tunamkumbusha Rose Nathike Lokonyen na Anjelina Nadai Lohalith, wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliokulia kambi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2016 walikimbia Olimpiki ya Rio, mmoja mita 800 na mwingine mita 1,500, katika timu ya kwanza kabisa ya wakimbizi. Katika timu hiyohiyo alikuwamo Yolande Mabika wa judo, mzaliwa wa Kongo yetu. Mwaka 2024 huko Paris, Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni, akapata shaba katika ndondi, medali ya kwanza ya timu ya wakimbizi.

Zoezi gani, sidiria gani

Sidiria za mazoezi ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kubana: haina vikombe, imekaa kama fulana iliyokatwa, inayakandamiza matiti yote mawili kifuani. Ya pili ni ya vikombe: kila titi linakaa mahali pake. Ziko pia zinazochanganya yote mawili, na kwa mwenye kifua kikubwa anayekimbia, hizo ndizo bora.

Kwa kutembea, kujinyoosha, au kulima shambani, ile ya kubana iliyo nyepesi inatosha, na hata sidiria ya kawaida ikikaa vizuri. Kuchota maji nako ni mazoezi, tusidanganyane. Anayepanda mlima na dumu la lita 20 kichwani anahitaji mikanda ya mabegani iliyo mipana, isiyoteleza, kwa sababu mkono mmoja uko juu na hawezi kurekebisha njiani.

Kuendesha baiskeli na kucheza kwaya kanisani kunataka kitu cha kushika zaidi kidogo. Kabumbu, netiboli, voliboli, kukimbia, kuruka kamba, na ndombolo (ndiyo, ndombolo pia) ni mazoezi makali. Hapo mwenye matiti madogo atavaa ya kubana iliyo imara. Mwenye makubwa atafute yenye vikombe, mkanda mpana chini, na kulabu nyuma za kumwezesha kuikaza au kuilegeza.

Anayecheza judo, ndondi, au golikipa anayeanguka chini, asivae yenye waya. Waya ukikunjika kwa kishindo unachoma. Wengine hufungua mshono pembeni wakautoa waya, wakashona tena, na hiyo inafaa.

Namba zinazochanganya watu

Hapa tutakaa kidogo maana ndipo pesa inapotelea. Chukua futi ya fundi. Kama huna, chukua uzi, uzungushe, kisha uupime kwenye rula ya mtoto wa shule. Pima kwanza chini ya matiti, kwenye mbavu, uzi umekaza bila kuumiza, na umetoa pumzi. Kisha pima kifuani pale palipojaa zaidi, uzi ukiwa umelegea.

Tuseme chini umepata sentimita 75 na juu 90. Ile 75 ndiyo namba ya mkanda. Tofauti ni 15, na hiyo ndiyo inatoa herufi ya kikombe: takriban 13 ni A, 15 ni B, 17 ni C, 19 ni D. Kwa hiyo wewe ni 75B.

Sasa tatizo. Katika marobota ya chagua, ambayo wenyeji hapa Uganda wanaita mivumba, nguo zimetoka nchi nyingi. Ile 75 ya Ujerumani, kwa Waingereza na Wamarekani imeandikwa 34. Kwa Wafaransa na Wabelgiji imeandikwa 90! Hesabu ya Kifaransa inaongeza 15 juu ya sentimita zako. Ndiyo maana mama aliyezoea 90 ya Bujumbura au Bukavu akiokota 90 ya Kijerumani anapata kitu cha kuvaliwa na watu wawili. Kumbuka hivi: 70 ni 32 na ni 85 ya Kifaransa, 75 ni 34 na ni 90, 80 ni 36 na ni 95, 85 ni 38 na ni 100. Andika namba zako tatu kwenye karatasi uende nayo sokoni.

Nyingi za michezo zimeandikwa S, M au L tu. Hizo usiamini herufi, ijaribu mwilini. Sokoni hakuna chumba cha kubadilishia, tunajua. Nenda umevaa blauzi nyembamba inayobana, uivae juu yake, na dada yako asimame na kitenge. Muuzaji anayekataa nguo ijaribiwe, mwache na nguo yake.

Kabla ya kuivaa, vuta mkanda wa chini kwa mikono miwili uachie. Ukirudi haraka, lastiki ni nzima. Ukirudi polepole kama mtu aliyechoka, weka chini, hata kama rangi ni nzuri. Mkanda wa chini ndio unaobeba kazi kubwa, si ile ya mabegani. Ukishaivaa, vidole viwili vipite chini ya mkanda huo, visizidi. Inua mikono juu: mkanda usipande mgongoni. Titi lisimwagike juu wala kwapani. Kisha ruka mara kumi palepale, ukikimbia bila kusogea. Watu watakuangalia? Waangalie. Vuta pumzi ndefu pia. Ikikuzuia kupumua, ni ndogo. Kama ina kulabu, nunua inayokaa vizuri kwenye kulabu ya mwisho ya nje, maana lastiki italegea na utahitaji kusogea ndani.

Kama pesa haipo

Wengi wanajifunga kitenge kifuani kwa nguvu, au bandeji. Hatushauri. Mbavu zinatakiwa kufunguka mtu akipumua, na aliyefungwa hivyo anachoka kabla ya nusu ya kwanza kuisha. Afadhali kuvaa sidiria mbili: ya kawaida inayokaa vizuri ndani, na juu yake ya kubana au singlendi ndogo iliyo imara. Fundi cherehani naye anaweza kubadilisha lastiki ya mkanda wa chini, au kushona kipande kinachounganisha mikanda ya mabegani mgongoni ili isiteleze. Kazi hiyo ni ndogo, na ni bei nafuu kuliko kununua nyingine.

Lakini kuazimana katika timu, eti moja wanavaa watatu kwa zamu, hapana. Jasho la mmoja ni fangasi ya mwingine, na miili haifanani.

Mabinti wanaovaa hijabu mara nyingi wanatuuliza. Sidiria inakaa ndani, jezi pana ya mikono mirefu juu yake, na hakuna anayeona kitu. FIFA iliruhusu kufunika kichwa uwanjani tangu mwaka 2014, kwa hiyo kocha asimwambie mtu achague moja.

Mama anayenyonyesha anaweza kufanya mazoezi. Maziwa hayaharibiki kwa kukimbia, hayo ni maneno ya watu. Ila anyonyeshe kwanza, kifua kiwe chepesi, na asivae kitu kinachobana sana wala kukaa nacho baada ya mazoezi, kwa maana maziwa yakiziba titi huvimba na kuleta homa. Chuchu zikichubuka kwa jasho, paka vaselini kidogo kabla ya kutoka. Na kama titi linauma hata ukiwa umekaa, au unagusa uvimbe, au chuchu inatoa damu, hilo si jambo la sidiria tena. Nenda zahanati wiki hiyohiyo.

Kuitunza

Iliyotoka kwenye robota ifuliwe kwanza kabla ya kuvaliwa. Maji yawe ya kawaida na sabuni ya kipande. Maji ya moto na Jik vinaua lastiki haraka. Usiikamue kwa kuinyonga, ikandamize ndani ya taulo au kitambaa kikavu. Jua kali nalo linaila lastiki, na pasi ndiyo kabisa. Lakini ukianika kivulini nje, juu ya majani au ardhini, wale nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi watakufikia, na sidiria huwezi kuipiga pasi kuyaua. Kwa hiyo ianike ndani ya nyumba kwenye kamba, ukiitundika kwa mkanda wa chini, si kwa ile ya mabegani, hadi ikauke kabisa. Ukiwa nazo mbili, vaa kwa kupokezana, leo hii na kesho ile, lastiki ipate kupumzika.