Flashi za Studio Kijijini: Tuliyojifunza Kakesio



Katika likizo ya kichungaji sisi mafrateri watatu tulitumwa Kakesio, upande wa kusini-magharibi wa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Katekista alituomba jambo moja: tuwapige waamini picha za familia. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na nyingine zimebaki. Alikuwepo bibi mmoja ambaye mwanawe na wajukuu walikuwa wamebakiza siku chache waondoke, na hakuwa na picha hata moja aliyokaa nao.

Tulibeba flashi mbili za studio za kuazima, tukageuza darasa kuwa studio. Kabla ya saa sita mchana flashi moja ilikuwa imekufa. Kosa lilikuwa letu, na tunalieleza hapa ili wanaohudumia picha katika parokia na vigango wasilirudie.

Flashi inafanyaje kazi

Flashi ya studio haiwaki kama taa ya kawaida. Inachota umeme kidogo kidogo na kuuweka akiba ndani ya kapasita, kama mtu anayejaza pipa kwa kopo. Ukibonyeza kamera, pipa lote linamwagwa kwa mara moja ndani ya mrija wa kioo wenye gesi ya xenon, na mwanga mkali unatoka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Profesa Harold Edgerton wa Marekani ndiye aliyeiendeleza sana teknolojia hii kuanzia miaka ya 1930.

Hapo ndipo ilipo hatari. Hata ukichomoa waya, akiba ile inaweza kubaki ndani, na inatosha kumuua mtu. Kwa hiyo usifungue flashi kwa bisibisi hata kama wewe ni hodari wa kutengeneza redio. Mpelekee fundi anayezijua. Kabla ya kuihamisha au kuifungasha, zima swichi, bonyeza kitufe cha majaribio mpaka isimulike tena, ndipo uchomoe waya.

Umeme kwanza, picha baadaye

Sisi tuliunganisha flashi kwenye jenereta ndogo iliyokuwa pia ikiendesha spika za kwaya na mashine ya kusagia vyuma. Mashine ilipozimwa ghafla, mzigo ulipungua na volti zikapanda. Tulisikia mlio mmoja na harufu ya kuungua, basi.

Tangu siku hiyo tunafuata mambo manne:

1. Soma kibandiko nyuma ya flashi. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vya msaada kutoka Marekani mara nyingine ni vya volti 120 tu, na ukivichomeka moja kwa moja vitaungua.

2. Jenereta ikitumika, iwe ya flashi peke yake, na ipitie kwenye kidhibiti volti. Iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke. Ukimaliza, chomoa flashi kabla ya kuzima jenereta.

3. Kwa umeme wa jua, tumia inveta inayotoa umeme laini kama wa gridi. Zima taa ya kuelekeza, ile inayowaka muda wote katikati ya flashi, kwa sababu inaweza kula wati 150 au zaidi bila sababu. Kama flashi ina mpangilio wa kujaa polepole, utumie.

4. Mawingu ya radi yakianza, chomoa kila kitu.

Jambo jingine ni waya wa kuunganisha flashi na kamera. Baadhi ya flashi za zamani hurudisha volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na kamera ya kisasa inaweza kuharibika. Triga ya redio ni salama zaidi. Weka kasi ya kamera 1/125. Ukienda kasi kupita uwezo wa kamera, sehemu ya picha itatoka na ukanda mweusi.

Kupanga taa moja ikatosha

Tulibaki na flashi moja, nayo ilitosha. Tuliiweka upande mmoja wa mtu, juu kidogo ya uso wake, ndani ya softboksi. Upande wa pili tulitundika shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye kivuli.

Mwanga wa ubavuni unaonyesha umbo. Wenyeji wa Kakesio wana mfano wake jirani. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey katika majivu ya volkano ya miaka milioni 3.6 hivi, zilionekana vizuri zaidi jua likiwa chini, kwa sababu kila shimo lilipata kivuli chake. Mikunjo ya uso wa mzee ni hivyohivyo. Ukimulika kutoka mbele kabisa, uso unakuwa bapa kama sahani.

Shanga nyeupe zilitusumbua, maana zilimeremeta mno. Tulipunguza nguvu ya flashi mpaka shanga zikaonekana moja moja, kisha tukasogeza shuka karibu ili uso usiwe mweusi.

Kumbuka pia umbali. Ukiisogeza taa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Kwa familia kubwa, rudisha taa nyuma na uongeze nguvu, ili wa mbele na wa nyuma wapate mwanga unaokaribiana.

Standi ielekeze mguu mmoja upande ulioelemewa, na miguuni tundika mfuko wa mchanga. Watoto hukimbia na upepo hausubiri. Nyaya zipite ukutani.

Vumbi, barabara na kabati

Vumbi la huko ni jepesi na linaingia kila mahali. Flashi ikipoa, ifunike kwa mfuko. Ikiwa ya moto usiifunike. Futa vumbi kwa brashi laini, si kwa kitambaa chenye maji. Mrija usiguswe kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huchoma kioo kikipata joto. Safarini vua taa ya kuelekeza, funga kofia ya kioo, na beba flashi mapajani au juu ya godoro.

Parokia nyingi hufungia flashi kabatini kuanzia Pasaka hadi Noeli. Hiyo nayo inaziua, kwani kapasita hudhoofika zikikaa bila umeme. Kila baada ya miezi michache iwashe kwa saa moja, kisha imulike mara kadhaa kuanzia nguvu ndogo.

Mtakatifu Toma wa Akwino anataja mambo matatu ya uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Darasani tulikuwa tumeyakariri kwa ajili ya mtihani. Kakesio tuliyaona kwa bibi yule, amekaa kwenye dawati la shule, wajukuu sita wamemzunguka. Picha tuliichapisha nakala mbili. Moja ilikwenda Msomera, na nyingine iko kwa bibi, ndani ya kitabu chake cha sala.

Flashi iliyoungua tunailipa kidogo kidogo.