Sura ya Tano: Kumsoma Muyaka kwa Picha na kwa Chapa

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata mwaka 1840, na mengi ya mashairi yake yakabaki vichwani mwa watu. Baadaye sana Mwalimu Sikujua, naye mtu wa Mombasa, aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Mmisionari William Taylor akayakusanya na kuyawekea maelezo. Diwani yenyewe William Hichens aliitoa Johannesburg mwaka 1940, kwa herufi za Kirumi. Kati ya kinywa cha malenga na kitabu cha maktabani wamepita watu watatu, kila mmoja na sikio lake.

Karatasi za Taylor zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Chuo hicho kimeweka mtandaoni picha za sehemu ya miswada yake ya Kiswahili, na kuzitazama ni bure. Shida ni kuzipata. Kisanduku cha kutafutia hakisomi mwandiko wa mkono. Kinasoma maelezo ya katalogi tu. Andika “utendi”, kisha “utenzi”. Jaribu jina la mtunzi, la mnakili, halafu la mkusanyaji. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango, ingawa inakera kumpitia Taylor ili umfikie Muyaka.

Ukishaupata ukurasa, wape wanafunzi ubeti mmoja tu kabla hawajaiona chapa. Katika miswada mingi ya kale, herufi ya Kiarabu be husimama badala ya b, p na hata mb. Alama ya chini ya herufi husomwa i au e, na ile ya juu iitwayo dhamma husomwa u au o. Neno moja laweza kuwa baba, papa au pamba. Waache wabishane, watumie mizani na vina kuamua, ndipo uwafungulie Hichens. Darasa lililobishana hivyo halitaiona tena diwani kama maneno yaliyoshuka yakiwa yamekamilika.

Ubishi ukikolea, mtu atataka kukimbilia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki. Ni hazina kubwa kwa lugha ya magazeti na vitabu vya siku hizi, lakini si mwamuzi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha karne ya 19. Hapo afadhali mzee wa Mji wa Kale anayejua mashairi.

Na katika tasnifu, nakili namba ya muswada pamoja na anwani ya ukurasa. Anwani hubadilika tovuti zinapohamishwa. Kwa namba, msomaji mwingine ataweza kuuagiza muswada uleule.